Anayehisiwa si Mtuhumiwa: Siku za Kungoja Majibu Hospitalini

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mshukiwa ni mtu aliyeshikwa na polisi. Ni neno la kituoni na mahakamani. Nyuma yake kuna pingu, dhamana na hakimu. Hospitali nazo zimelichukua neno hilo, na muuguzi anapotoka nje kuwaambia ndugu kwamba mzee wao ni "mshukiwa", wao hawasikii habari ya kitabibu. Wanasikia shitaka. Zipo taarifa za serikali zinazotumia neno "wahisiwa", nasi tunaliona kuwa bora zaidi, kwa sababu anayehisiwa hajafanya kosa lolote. Ana homa, ana dalili zinazofanana na za ugonjwa mkali, na bado hajulikani anaumwa nini.

Tunaandika juu ya siku hizo za kutojulikana. Kwa kawaida ni chache: moja, mbili, pengine tatu au nne, tangu mgonjwa atengwe hadi majibu ya maabara yarudi. Kamati za misikiti huitwa ndani ya siku hizo. Tunaitwa kuomba dua, kisha tunaitwa kusuluhisha ugomvi kati ya ndugu na wauguzi kwenye geti la wodi, na ikibidi tunaitwa kwa ajili ya mazishi. Tumeona jinsi familia nzuri, yenye imani na mapenzi, inavyoweza kufanya ndani ya saa arobaini na nane mambo yanayohatarisha mtaa mzima, na yote kwa nia njema kabisa.

Tarehe 20 Januari 2025, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa mmoja mkoani Kagera amethibitika kuwa na virusi vya Marburg. Wengi wetu tulilikumbuka neno "mmoja" na tukasahau idadi nyingine iliyotajwa siku ile: wahisiwa 25 walikuwa wamepimwa na kukutwa hawana ugonjwa huo. Tuwafikirie hao 25. Kila mmoja alikuwa na mke au mume, watoto, majirani. Kila mmoja alitazamwa kwa jicho la hofu. Mwishowe kila mmoja aliambiwa kwamba si Marburg.

Mlipuko ule wa wilaya ya Biharamulo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Hesabu yake ya mwisho ilikuwa watu 10, na wote walifariki. Ni wawili tu kati yao waliothibitishwa na maabara. Wanane waliobaki waliitwa wagonjwa "wanaodhaniwa kwa nguvu", maana walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Kwa maneno mengine, wanane wale hawakupata siku za kungoja majibu. Waliuguzwa na waliowauguza, na waliowauguza hawakujua walichokuwa wakikishika.

Miaka miwili kabla, Machi 2023, ugonjwa huo huo ulizuka Bukoba Vijijini, katika maeneo ya Maruku na Kanyangereko. Serikali ilitangaza jina lake tarehe 21 Machi. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, watu tisa walikuwa wameugua na sita wamefariki. Kati ya watano wa mwanzo kufa alikuwamo mhudumu wa afya. Yeye hakuwa ndugu wa mgonjwa wala jirani yake, alikuwa kazini. Hili ndilo jambo ambalo familia zetu hazilifikirii zinapolalamika kwamba muuguzi amevaa "kama mtu wa anga" kumhudumia mama yao.

Pengine msomaji wa Dodoma atasema kwamba Kagera ni mbali. Si mbali. Mabasi ya Kanda ya Ziwa yanateremka Singida, yanapita Manyoni na kuingia stendi yetu kila siku, na tangu mwaka 2024 treni ya mwendokasi inamchukua abiria wa Dodoma na kumfikisha Dar es Salaam kwa saa chache. Mji wetu umekuwa makao makuu kwa vitendo, na makao makuu hupokea watu wote. Marburg humchukua mtu kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa hadi kuugua. Mtu anaweza kuzika Ijumaa huko alikotoka, akasafiri akiwa mzima kabisa, akafungua duka Jumatatu, na homa ikamkuta hapa wiki ya pili.

Lakini hatuna haja ya kwenda Kagera kutafuta mfano. Wazee wa nyanda hizi za kati wanaikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007. Mvua za mwishoni mwa 2006 zilikuwa kubwa, mbuga zikajaa maji, mbu wakazaliana, na ng'ombe, mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba. Kisha watu wakaanza kuugua. Kuanzia Januari hadi Juni 2007 wahisiwa 511 waliandikwa katika mikoa 10 ya nchi, nao mkoa wa Dodoma ulikuwa miongoni mwa iliyoumia sana. Maabara ilithibitisha 186, wengine 123 wakahesabiwa kuwa wanaodhaniwa kwa nguvu, na watu 144 walifariki. Wengi walipata homa na kuchanganyikiwa akili. Baadhi walitokwa damu.

Katika takwimu za mwaka ule ipo moja ambayo tungependa ibandikwe kwenye mlango wa kila zahanati. Kati ya wagonjwa 309 waliothibitika au kudhaniwa kwa nguvu, 169 walikutwa pia na vijidudu vya malaria katika damu. Ni zaidi ya nusu. Ugomvi mwingi tunaousuluhisha unaanzia hapa: "Amepimwa, ameonekana ana malaria, sasa mnamtenga kwa nini?" Jibu ni kwamba malaria katika nchi yetu haimfukuzi ugonjwa mwingine. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na daktari anayemwona mgonjwa anatokwa damu kwenye fizi hawezi kuridhika na kipimo kimoja.

Mwaka 2007 pia unatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Katika machinjio mengi ya nchi hii anayeshika kisu ni Muislamu. Homa ya Bonde la Ufa huambukizwa na mbu, lakini pia kwa kugusa damu, nyama mbichi, maziwa yasiyochemshwa na kondo la nyuma la mnyama mgonjwa. Sikukuu ya Idd el-Adh'ha mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Desemba 2006, wiki chache tu kabla ugonjwa haujagunduliwa kwa binadamu. Hatusemi kwamba udhiyah ulileta ugonjwa. Tunasema kwamba mchinjaji aliyefikishwa hospitali na homa kali alipaswa kuulizwa kazi yake, naye alipaswa kujibu kweli, badala ya kuogopa kwamba jibu lake litafunga machinjio na kukosesha wenzake riziki.

Kuna mfano wa tatu, nao unafundisha upande mwingine. Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, watu wa Chemba na Kondoa, pamoja na wengine wa mkoa wa Manyara, walianza kuugua ugonjwa usioeleweka. Walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa manjano. Waliandikwa wagonjwa 68, wakafariki 20. Mtu yeyote angedhani ni ugonjwa wa kuambukiza, kwani ulipiga nyumba moja na kuua watoto wa baba mmoja. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi. Hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Walikula chakula kimoja. Kuhisi peke yake kusingetosha, na kukataa kuhisi pia kusingetosha. Ilibidi watu wachunguzwe, chakula kipimwe, na wenye hofu wangoje.

Basi ndani ya siku hizo za kungoja, hospitali inafanya nini hasa? Ndugu msomaji, tumejifunza haya kwa kuwauliza wenye kazi yao, na tunayaeleza kwa kirefu kwa sababu hofu nyingi ya watu inatokana na kutokujua.

Kazi inaanza mlangoni, kabla mgonjwa hajakaa kwenye benchi na wenzake. Mwenye homa na dalili za hatari huketishwa mbali na watu, umbali wa mita moja au zaidi, na huulizwa maswali: umesafiri wapi katika siku 21 zilizopita, umemuuguza nani, umezika nani, umeosha maiti, umeingia pangoni au mgodini kwenye popo, umegusa mnyama aliyekufa au aliyetupa mimba. Maswali haya yanawaudhi watu. Mzee mmoja alituambia kwamba alijiona anahojiwa kama mwizi wa mbuzi. Hata hivyo, hayo ndiyo maswali yanayoamua ni watu wangapi wataingia hatarini usiku ule, na anayeficha safari au mazishi huwa amemkabidhi muuguzi wa zamu mzigo asioujua.

Akihisiwa, huhamishiwa chumba cha peke yake chenye choo chake. Kipimajoto chake hakitumiki kwa mwingine. Wahudumu wake huwa wachache na hujulikana kwa majina, na kila anayeingia huandikwa kwenye daftari la mlangoni, ili ikithibitika ajulikane nani wa kufuatiliwa kwa siku 21. Damu yake huchukuliwa na mwenye mafunzo, ikafungwa chombo ndani ya chombo ndani ya chombo, ndipo ikasafirishwa. Wakati inasafiri, mgonjwa haachwi bila tiba. Hupewa maji ya mshipa, dawa ya malaria ikiwa kipimo kimeonyesha, dawa za maumivu, na nyingine kadiri daktari anavyoona. Marburg haina chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa, lakini mgonjwa anayepewa maji na uangalizi mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko aliyefichwa nyumbani.

Watu huuliza kwa nini muuguzi haingii kila mgonjwa anapoita. Sababu ni mavazi. Gauni lisilopenya maji, glavu jozi mbili, barakoa, miwani, buti: katika joto la Oktoba hapa Dodoma, mtu aliyevaa hivyo huloa jasho haraka, na hawezi kukaa ndani muda mrefu. Tena hatari kubwa si wakati wa kuvaa. Ni wakati wa kuvua, maana nje ya vazi pana kila kilichorushwa na mgonjwa, na mtu aliyechoka hujisahau akapangusa jicho. Kwa hiyo huvuliwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, huku mwenzake akimtazama na kumwambia lipi linafuata. Muuguzi anayekimbilia ndani bila vazi kwa sababu ndugu wanapiga kelele getini anaweza kuwa mgonjwa anayefuata.

Mwaka 2022 Uganda ilipopambana na Ebola iliyoanzia Mubende, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na saba wakafariki. Mmoja wao alikuwa daktari Mtanzania mwenye umri wa miaka 37, aliyekuwa kule kwa masomo ya juu ya udaktari. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba. Alikwenda kutafuta elimu, akafa akiwatumikia watu wasio wa nchi yake. Tunamwombea Allah amrehemu na amkubalie.

Jambo la mwisho la kitabibu, nalo linaleta ugomvi kuliko yote. Majibu ya kwanza yakirudi yakisema "hana", wakati mwingine mgonjwa bado haruhusiwi kutoka. Ndugu huona huo ni ukaidi. Ukweli ni kwamba katika siku tatu za mwanzo wa dalili virusi vinaweza kuwa vichache mno katika damu kiasi cha kutoonekana, hivyo aliyepimwa mapema hupimwa tena baada ya saa 72 tangu dalili zianze. Hospitali inapaswa kuyasema haya siku ya kwanza, siyo siku ya tatu watu wakiwa wamekwisha kuchinja mbuzi wa shukrani.

Sasa tuingie katika upande wetu. Wapo wanaosema kwamba dhana imekatazwa katika Uislamu, basi vipi mtu atengwe kwa dhana? Tunawajibu kwamba dhana iliyokatazwa ni ya kumdhania mtu ubaya katika heshima yake. Dhana yenye nguvu katika mambo ya kuhifadhi uhai ni jambo jingine, na vitabu vyetu vya fiqhi vimejaa hukumu zilizojengwa juu yake. Mgonjwa anaruhusiwa kutayamamu kwa kauli ya tabibu mwaminifu kwamba maji yatamdhuru. Hakungoja kwanza adhurike ili apate yakini. Wachungaji wanayajua haya bila kusoma, na Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwakataza wenye ngamia wagonjwa wasiwachanganye na walio wazima. Na kisa cha Umar bin al-Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake) kurudi njiani alipopata habari ya tauni iliyoingia Sham kinafahamika kwa kila aliyepita madrasa: alishauriana na Muhajirina, Ansari na wazee wa Makuraishi, kisha akageuza msafara, na alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, alimpigia muulizaji mfano wa mwenye ngamia anayechagua upande wa bonde wenye malisho badala ya upande mkavu. Yeyote aliyechunga Bahi au Chamwino wakati wa kiangazi anauelewa mfano ule pasipo tafsiri.

Kwa hiyo kumtembelea mgonjwa, ambako ni haki ya Muislamu juu ya ndugu yake, kunabadilika sura. Aliyewekwa chumba cha peke yake hatembelewi na watu kumi na watano waliopanda daladala moja wakiwa na chupa ya uji. Anapigiwa simu. Anasomewa dua kupitia dirisha. Watoto wake wanapelekewa chakula nyumbani, jambo ambalo kwa uzoefu wetu husahauliwa kabisa: watu hujaa getini hospitali, na nyumbani watoto wamelala na njaa kwa sababu majirani wanaogopa hata kugonga mlango. Kuogopa huko nako hakuna msingi. Asiye na dalili haambukizi Marburg, na mtoto wa mgonjwa ambaye ni mzima anahitaji ugali kama mtoto mwingine yeyote.

Tulipata mtihani wa kweli miaka michache iliyopita. Mama mmoja wa mtaani kwetu alirejea kutoka msibani Kanda ya Ziwa, akaugua siku ya tisa: homa, kutapika, damu puani. Alitengwa. Usiku wa pili alifariki, na majibu yalikuwa hayajarudi. Hospitali ilieleza kwamba ama mwili usubiri majibu, ama uzikwe kwa utaratibu wa tahadhari. Wanawe, kwa kupenda kuharakisha mazishi kama sunna inavyotaka, walichagua azikwe. Hakuoshwa kwa maji. Mtu mwenye mafunzo alimtayamamisha juu ya mfuko uliofungwa, mfuko ukazungushiwa sanda nyeupe, jeneza likawekwa mbele yetu kwa umbali, tukamsalia. Mazishi yalichukua muda mfupi na yalikuwa na heshima yake.

Siku mbili baadaye majibu yakaja. Hakuwa na ugonjwa ule.

Binti yake mkubwa alitufuata baada ya Alasiri. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Kwa hiyo mama yangu amekosa kuoshwa bure?" Imamu wetu alikaa kimya kwa muda, kisha akamwambia, "Mwanangu, mama yako hakuzikwa bila tohara. Tayammum ni tohara. Na hukumu ya siku ile ilifuata tulichokijua siku ile."

Tumelipitia suala hilo tena katika vitabu, na tunaona kwamba imamu alisema sawa. Kuosha maiti ni faradhi ya kutosheleza, na katika madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, maiti ambaye maji yanashindikana kwake hutayamamishwa. Udhuru ni hofu ya kweli ya madhara, siyo madhara yenyewe yaliyokwisha kutokea. Pale ambapo hata tayammum haiwezekani, wanachuoni wengi wa zama zetu wamefuata kauli isemayo kwamba wajibu huo huanguka na maiti husaliwa hivyo hivyo. Wapo wanaotoa hoja nyepesi kwamba aliyekufa kwa tauni ni shahidi na kwa hiyo haoshwi. Hoja hiyo si sahihi. Shahidi wa namna hiyo ni shahidi kwa malipo ya akhera, naye huoshwa kama maiti wengine panapowezekana. Kinachoondoa maji ni udhuru tu. Na utaratibu tuliouona siku ile si ubunifu wa hospitali moja: Shirika la Afya Duniani liliuandika mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, kwa kushirikiana na taasisi za dini, zikiwamo za Kiislamu, na ndani yake tayammum na sanda vimetajwa waziwazi.

Kwa nini tahadhari yote hii kwa mtu aliyekwisha kufa? Kwa sababu maiti wa magonjwa haya huambukiza sana, na kuosha ni kugusa mwili mzima. Katika mlipuko ule wa Uganda wa 2022, wilayani Kassanda, ndugu walifukua maiti aliyekwisha kuzikwa ili wamfanyie taratibu za kidini, na jambo hilo likazaa wagonjwa wengine na vifo vingine. Sisi tunaoitwa kuosha maiti hatuwezi kuisoma habari ile kama ya watu wengine. Tunajua katika fiqhi kuna maneno kuhusu kumfukua aliyezikwa bila kuoshwa. Hayo yanamhusu aliyeachwa bila udhuru. Kuyatumia kwa aliyezikwa kwa tahadhari ni kuvunja heshima ya maiti na kuua walio hai kwa pamoja.

Lakini hatutakuwa waadilifu tukiyaelekeza maneno yote kwa familia. Katika msiba ule wa mama, ndugu walikaa nje ya ukuta siku nzima ya kwanza bila mtu yeyote kuwaambia neno. Mume wake aliamini amekwisha kufa na kwamba anafichwa. Wauguzi hawakuwa wakatili. Walikuwa wachache, na hakuna aliyepewa kazi ya kuzungumza. Tumeiomba kila hospitali tunayohusiana nayo iweke mtu mmoja, asiyevaa vazi la kutisha, ambaye kazi yake ni kutoka asubuhi na jioni na kuwaambia ndugu: amelala vipi, amekunywa nini, damu imetumwa saa ngapi, majibu yanatazamiwa lini. Tumeomba pia mgonjwa mwenye nguvu aruhusiwe kubaki na simu yake ndani, hata kama haitatoka tena. Simu ya bei ndogo ikitupwa si hasara ukilinganisha na mtu anayekata roho bila kuisikia sauti ya mwanawe akimtamkia shahada.

Na mtu akiugua nyumbani akiwa na dalili hizo, asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Watu wa afya wanaelekezwa, na kituo kinajulishwa mapema kwamba anakuja nani.

Kwa upande wa kamati, tumekubaliana kwamba msikiti wetu uwe na waoshaji waliofundishwa na wataalamu wa afya jinsi ya kuvaa, kuvua, kutayamamisha na kuzika kwa tahadhari, badala ya kungoja siku ya msiba. Wanaume wanne wamekubali. Mwanamke huoshwa na wanawake, mume au maharimu wake, na tunataka anayetayamamishwa juu ya mfuko ashikwe pia na mikono ya wanawake wenzake kila inapowezekana. Kwa hiyo tuliomba wanawake wawili. Hadi tunapoandika amejitokeza mmoja tu, naye ni yule binti mkubwa.